Kivinjari Kilichoharibika kwenye Kompyuta ya Zamani: Soma Dalili Kabla ya Kusakinisha Upya

Mafundi wengi wa kompyuta, nami nikiwamo kwa miaka kadhaa, tumekuwa na dawa moja kwa kila kivinjari kinachosumbua, nayo ni kukiondoa, kukisakinisha upya na kumkabidhi mteja mashine yake. Kuna siku dawa hiyo inafanya kazi. Siku nyingine mteja anarudi kesho yake asubuhi na tatizo lilelile, tena, kama fundi alifuta na data zake, akiwa amepoteza alamisho (bookmarks) zake na manenosiri aliyokuwa hayakumbuki kwa sababu kivinjari kilikuwa kikimkumbukia.

Sababu ya kushindwa huko inaeleweka ukijua mahali vitu vinapokaa. Kwenye Windows, faili za programu ya Firefox hukaa katika folda ya C:\Program Files\Mozilla Firefox, ilhali alamisho, historia, manenosiri, viendelezi (extensions) na mipangilio ya mtumiaji hukaa mbali na hapo, katika folda inayoitwa wasifu (profile), ndani ya AppData\Roaming\Mozilla\Firefox\Profiles. Chrome nayo huweka data za mtumiaji katika AppData\Local\Google\Chrome\User Data. Unapoondoa kivinjari kwa njia ya kawaida unafuta faili za programu tu, na wasifu hubaki palepale ukimsubiri mgeni. Kwa hiyo kama kilichoharibika ni wasifu, kivinjari kipya kitafungua wasifu uleule mbovu na kuanza kusumbua vilevile. Na kama kinachokufa ni diski yenyewe, utasakinisha mara kumi na mara kumi kitaharibika.

Swali la kwanza basi si namna ya kusakinisha upya, bali ni kipi kati ya programu, wasifu na mashine ndicho kinachoumwa. Maelezo yanayofuata yanahusu Firefox na Chrome kwenye Windows 7 na Windows 10, kwa kuwa hizo ndizo ninazoletewa zaidi.

Kabla ya kulaumu kivinjari, tazama saa

Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani kutoka duka la steshenari, yenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya gigabaiti 2 na Windows 7. Mwenye duka, mama wa makamo, aliniambia kwa uhakika, "Fundi, hii Firefox imeoza. Hata Google inaikataa." Niliiwasha, na kweli kila tovuti ilikuja na onyo kwamba muunganisho si salama. Alikuwa amekwisha kuisakinisha upya mara mbili kwa msaada wa kijana wa jirani. Nilipotupa jicho kwenye kona ya chini kulia nikaona tarehe 1 Januari 2009, saa 6:14 usiku, na sisi tulikuwa tumesimama kwenye jua la mchana.

Kila tovuti salama humwonyesha mgeni cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Saa ikirudi nyuma miaka mingi, vyeti vyote vya leo huonekana kuwa havijaanza kutumika. Ukisoma chini ya onyo utakuta msimbo unaotaja hivyo: katika Chrome ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na katika Firefox ni MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE, au SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE ikiwa saa imekwenda mbele mno. Chanzo chake, kwa mashine za umri huo, karibu siku zote ni betri ndogo ya mviringo aina ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu, ambayo hutunza saa wakati kompyuta imechomolewa kwenye umeme. Betri nzima huwa na volti 3. Ile ya mama yule ilisoma 1.9. Tulinunua nyingine kwa fundi saa wa mtaa huohuo, nikarekebisha tarehe, na Firefox "iliyooza" ikafungua kila kitu bila kuguswa.

Matatizo ya vyeti yana vyanzo vingine viwili ambavyo pia si uharibifu. Cha kwanza ni antivairasi inayokagua mawasiliano yaliyofichwa kwa kuweka cheti chake katikati. Hapo utaona SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER karibu kila tovuti, na tiba yake ni kuzima ukaguzi huo katika antivairasi au kuisakinisha upya yenyewe. Cha pili ni uzee wa kivinjari. Tarehe 14 Machi 2025 cheti kimoja cha msingi cha Mozilla kilifika mwisho, na Firefox zote zilizokuwa chini ya toleo la 128, au chini ya 115.13 kwa wale wa ESR (tawi la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu), zikaanza kuzima viendelezi vyao. Wengi walidhani wameingiliwa na kirusi. Walichohitaji ni kusasisha tu.

Hifadhi data kwanza, hata kama una haraka

Kama saa iko sawa na tatizo lipo, usiguse kitu kabla ya kunakili wasifu. Funga kivinjari kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika %APPDATA%\Mozilla\Firefox\Profiles na ubonyeze Enter. Utaona folda moja au zaidi zenye majina ya ajabu yanayoanza na herufi na tarakimu nane zisizo na maana. Nakili folda zote nzimanzima kwenye flashi au diski ya nje. Usichague faili, kwa sababu manenosiri ya Firefox yamegawanyika katika faili mbili, logins.json na key4.db, na moja bila mwenzake ni sanduku bila ufunguo.

Chrome inahitaji tahadhari zaidi. Unaweza kunakili folda ya User Data na kupata alamisho na historia, lakini manenosiri yake yamefungwa kwa kutumia akaunti ya Windows ya mashine hiyohiyo. Ukifuta Windows au ukihamia kompyuta nyingine, faili utakuwa nayo ila haitafunguka. Kwa hiyo maadamu Chrome bado inafunguka, hata kwa kuchechemea, ingia kwenye mipangilio ya manenosiri na uyatoe kama faili ya CSV, au hakikisha mteja ameingia kwa akaunti yake ya Google na usawazishaji umekamilika. Faili hiyo ya CSV inasomwa na yeyote, kwa hiyo ifute mara tu kazi inapoisha. Nimekuta flashi za watu zikizunguka mtaani na orodha kamili ya nywila zao.

Kivinjari hakifunguki, au kinadai tayari kimefunguka

Unabofya mara mbili, duara linazunguka, kisha kimya. Au Firefox inakwambia kwamba inaendelea kufanya kazi ila haijibu. Mara nyingi ni mchakato wa zamani uliobaki ukining'inia baada ya kufungwa vibaya. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, tafuta firefox.exe au chrome.exe, na uzifunge zote. Zikishakwisha na ujumbe ukaendelea, ingia kwenye folda ya wasifu na ufute faili ya parent.lock, ambayo Firefox huitumia kama kufuli ya kuzuia watu wawili wasiingie chumba kimoja. Kuifuta hakupotezi chochote.

Kabla hujaenda mbali, angalia pia nafasi ya diski. Kompyuta zenye diski ya gigabaiti 80 hujaa kimyakimya, na kivinjari kisichopata hata megabaiti chache za kuandikia wasifu kinaweza kukataa kuanza bila kueleza sababu. Hata mimi nimewahi kumaliza saa nzima nikihangaika na Chrome, kumbe sehemu ya C ilikuwa imebakiwa na megabaiti 3 kwa sababu ya filamu za Kihindi zilizofichwa ndani ya folda inayoitwa "Kazi za Ofisi".

Iwapo hakuna mchakato uliobaki na nafasi ipo, jaribu wasifu mpya. Kwa Firefox, bonyeza Windows na R, andika firefox.exe -P, na dirisha la kuchagua wasifu litatokea. Tengeneza mpya, ufungue. Kwa Chrome, ipe folda ya Default, iliyo ndani ya User Data, jina jingine kama Default-zamani, kisha ufungue Chrome, nayo itajitengenezea nyingine. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kikifunguka vizuri kwa wasifu mpya, programu ni nzima na mgonjwa ni wasifu, wala huna haja ya kusakinisha chochote. Kikikataa hata kwa wasifu mpya, sasa una haki ya kuishuku programu.

Ujumbe unaotaja faili za programu

Zipo dalili chache zinazoelekeza kidole moja kwa moja kwenye programu. Firefox ikisema "Couldn't load XPCOM", maana yake ni kwamba imeshindwa kupakia viungo vyake yenyewe. Windows ikilalamika kwamba mozglue.dll au xul.dll haipo, hizo ni faili za Firefox, si za Windows. Msimbo 0xc000007b mara nyingi hutokea pale faili za biti 32 na za biti 64 zilipochanganyika, au pale faili moja ilipoandikwa nusu.

Kwetu kisababishi kikubwa ni umeme. Kivinjari hujisasisha chenyewe nyuma ya pazia. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati ya kazi hiyo kwa sababu uniti za LUKU zimekwisha, baadhi ya faili hubaki za toleo jipya na nyingine za toleo la zamani. Kisababishi cha pili ni antivairasi iliyoiweka faili moja karantini kwa kuidhania kirusi. Tazama orodha ya karantini kabla ya kusakinisha upya, maana ikiwa ndiyo chanzo, itaifuta tena faili ileile mara tu utakapomaliza.

Kosa moja lazima nilitaje, kwa sababu nimelisafisha mara nyingi mno. Mtu akisoma kwamba faili fulani ya .dll haipo, hutafuta jina lake mtandaoni, huipakua peke yake kutoka tovuti asiyoijua, na kuitupia ndani ya System32. Usifanye hivyo. Faili ya toleo tofauti haitafanya kazi, na tovuti nyingi za aina hiyo ndiyo milango ya virusi. Vilevile amri ya sfc /scannow, ambayo baadhi yetu huiendesha kwa kila ugonjwa, hukagua faili za Windows tu na haijui lolote kuhusu Firefox wala Chrome. Tiba ya dalili za kundi hili ni kusakinisha upya kwa njia safi, ambayo nitaieleza baadaye.

Kinafunguka, lakini kinajifunga, kinaganda au kinaonyesha ukurasa mweupe

Kundi hili ndilo linalochanganya watu zaidi, kwa kuwa dalili moja ina wazazi wengi. Anza na njia ya utatuzi ya Firefox: shikilia kitufe cha Shift wakati unabofya ikoni yake, kisha ukubali kuifungua katika hali hiyo. Kwa muda huo tu, Firefox huzima viendelezi, mandhari na matumizi ya kadi ya michoro katika kuchora kurasa. Tatizo likitoweka, mkosaji yumo kati ya vitu hivyo.

Rudi kwenye hali ya kawaida na uzime viendelezi vyote, halafu uviwashe kimoja kimoja huku ukitumia kivinjari kwa dakika kadhaa kila mara. Kazi hii inachosha, lakini hakuna njia ya mkato inayotoa jibu la uhakika. Kwa Chrome, kipimo cha haraka ni dirisha fiche (Incognito), kwa kuwa viendelezi haviingii humo isipokuwa mtumiaji amevipa ruhusa.

Viendelezi vikiwa havina kosa, elekea kwenye kadi ya michoro. Kompyuta za kati ya 2008 na 2012 nyingi hutumia michoro ya Intel iliyo ndani ya ubao mkuu au ndani ya prosesa, na draiva zake ziliacha kusasishwa zamani. Kivinjari kinapoikabidhi kadi hiyo kazi ya kuchora ukurasa, matokeo huwa ni mistari, weusi, weupe, au kujifunga ghafla video inapoanza. Ingia kwenye mipangilio, tafuta kipengele cha kuongeza kasi kwa kutumia maunzi (hardware acceleration), ukizime, ufunge kivinjari na kukifungua tena. Kama Chrome ni nyeupe kiasi kwamba huwezi kuisoma mipangilio yenyewe, bofya njia yake ya mkato kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, na mwishoni mwa sehemu ya Target uongeze nafasi moja kisha --disable-gpu. Kurasa zitasogea kwa uzito kidogo, ila zitaonekana.

Halafu kuna njaa ya kumbukumbu. Mashine ya RAM ya gigabaiti 2 yenye vichupo kumi na viwili haina kivinjari kibovu. Ina mzigo usiobebeka. Fungua Task Manager uone. Kumbukumbu ikiwa imefika asilimia 90 na zaidi muda wote huku taa ya diski haizimiki, ongeza RAM au punguza vichupo, na umweleze mteja hivyo kwa ukweli badala ya kumtoza kazi ya kusakinisha.

Baada ya hayo yote, kama wasifu mpya unafanya kazi na wa zamani hautaki, tumia kitufe cha kuburudisha Firefox kilichomo kwenye ukurasa wa about:support. Hutengeneza wasifu mpya na kuhamishia humo alamisho, historia, vidakuzi na manenosiri, huku kikiacha viendelezi na mipangilio iliyobadilishwa. Kwenye eneokazi itabaki folda iitwayo Old Firefox Data. Usiifute mpaka mteja ametumia mashine kwa wiki moja na kuridhika.

Alamisho zimetoweka, au kitufe cha kurudi nyuma kimekufa

Katika Firefox, alamisho na historia zote hukaa katika faili moja ya hifadhidata, places.sqlite. Ikiharibika, alamisho hazionekani, historia haiandikwi, na kitufe cha kurudi nyuma kinaweza kuacha kuitikia. Fungua about:support, shuka hadi sehemu ya Places Database, na ubofye kitufe cha kuhakiki. Kama hakitoshi, funga Firefox na uipe faili hiyo jina jingine. Ukifungua tena, Firefox itaunda mpya na kurejesha alamisho kutoka nakala zilizomo katika folda ya bookmarkbackups. Historia ya zamani itapotea, na wateja wengi husikia nafuu wakiambiwa hivyo. Kwa Chrome, ndani ya folda ya Default mna faili ya Bookmarks na nyingine ya Bookmarks.bak. Funga Chrome, iweke pembeni ile mbovu, na uibadili jina ya pili iwe Bookmarks.

Ukurasa wa mwanzo si wako tena

Kivinjari kinapofungua tovuti ya matangazo usiyoichagua, faili zake kwa kawaida ni nzima na kilichopo ni utekaji. Kusakinisha upya hakuusaidii. Kagua sifa za njia ya mkato uone kama baada ya firefox.exe au chrome.exe kumebandikwa anwani ya tovuti. Kagua mipangilio ya proksi ya Windows, na faili ya hosts iliyo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Katika Chrome, andika chrome://policy. Kompyuta ya nyumbani isiyo ya ofisi yoyote haipaswi kuwa na sera zilizowekwa humo, na ukizikuta, kuna programu iliyoziweka bila idhini. Safisha mashine kwa antivairasi iliyosasishwa, pamoja na flashi zote zinazoingia humo, kabla ya kurudi kwenye kivinjari.

Kusakinisha upya kwa njia safi

Umefika hapa kwa sababu vipimo vimeonyesha kwamba programu yenyewe ndiyo iliyoharibika. Jambo la kwanza ni kuchagua toleo, na hapa umri wa mashine unaamua. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7 na 8.1, kuanzia Chrome 110, iliyotoka Februari 2023, inahitajika Windows 10 au zaidi. Kwa upande wa Firefox, ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1 ni familia ya 115 ESR, iliyoanza Julai 2023, na Mozilla imesogeza mbele zaidi ya mara moja tarehe ya kuacha kuipa marekebisho ya usalama. Ndiyo maana kwa mashine ya Windows 7 mimi huweka Firefox 115 ESR na kuachana na Chrome, hata mteja akinung'unika. Chrome 109 haizibwi matundu tena, na wanaoisambaza siku hizi ni tovuti ambazo sizijui nia zao. Mwenye Windows XP au Vista ajue kwamba kwa Firefox njia yake iliishia kwenye 52 ESR, na kwamba mashine hiyo haifai tena kuingizwa akaunti ya benki.

Pakua kisakinishi kamili, si kile kidogo kinachovuta vilivyobaki kupitia mtandao. Kile kidogo kinadanganya kwa wepesi wake: bando likikata katikati, unabaki na usakinishaji wa nusu, yaani ugonjwa uleule ulioanza nao. Kisakinishi kamili cha Firefox 115 kina zaidi kidogo ya megabaiti 50, na kikishakuwa kwenye flashi kitatibu mashine ishirini. Kwa RAM ya gigabaiti 2 au pungufu mimi huchagua cha biti 32, hata kama Windows ni ya biti 64, kwa sababu hula kumbukumbu kidogo zaidi. Kikishafika, bofya kwa kitufe cha kulia, fungua sifa, na katika kichupo cha Digital Signatures uhakikishe kwamba kimesainiwa na Mozilla Corporation. Faili iliyokatika njiani au iliyochezewa haitapita hapo.

Kuna mtego mmoja kwa mashine iliyotoka kuwekewa Windows 7 upya. Kivinjari pekee kilichomo ni Internet Explorer 8, ambacho kwa mipangilio yake ya mwanzo hakitumii TLS 1.2, yaani njia ya kuficha mawasiliano inayodaiwa na tovuti nyingi za sasa, kwa hiyo hakiwezi kufungua hata ukurasa wa kupakulia kivinjari kingine. Usipoteze muda kupambana nacho. Pakua kwa kompyuta nyingine na ulete kwa flashi.

Sasa ondoa kivinjari cha zamani kupitia Control Panel. Chrome itakuuliza kama ifute pia data za kuvinjari. Usiweke alama hapo. Ukimaliza, ingia mwenyewe kwenye Program Files, na pia Program Files (x86) kama ipo, uifute folda ya Mozilla Firefox au ya Chrome iliyobaki. Hatua hii ndiyo inayoitwa "safi", na ndiyo wengi huiruka, kisha faili mbovu zilizobaki huchanganyika na mpya. Windows ikikataa kufuta, anzisha kompyuta upya na ujaribu tena. Baada ya hapo sakinisha, ukiwa umezima antivairasi ikiwa ndiyo iliyoshukiwa, na umechomeka laptopu kwenye umeme.

Jambo moja huwashtua waliorudi toleo la chini. Tangu Firefox 67, wasifu uliotumiwa na toleo jipya haukubaliwi na toleo la zamani. Utaona onyo kwamba umefungua toleo la zamani, na utatakiwa kuunda wasifu mpya. Data haijapotea. Unda huo mpya, kisha urejeshe alamisho kutoka faili iliyo ndani ya bookmarkbackups kupitia dirisha la kusimamia alamisho. Manenosiri unaweza kuyarejesha kwa kunakili logins.json na key4.db kutoka nakala yako, Firefox ikiwa imefungwa.

Kikiharibika tena ndani ya wiki

Kivinjari huandika kwenye diski bila kupumzika, kwa hiyo mara nyingi ndicho cha kwanza kuonyesha kwamba diski inakufa, kabla hata Windows haijaanza kulalamika. Fungua Event Viewer, ingia kwenye kumbukumbu za mfumo, na utafute makosa yenye chanzo disk na namba 7, yanayoashiria sehemu mbovu, au yenye chanzo Ntfs na namba 55, yanayoashiria mpangilio wa faili uliovurugika. Kwa hilo la pili, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kukaguliwa wakati wa kuwasha, na uanzishe upya. Kwa lile la kwanza usianze na chkdsk. Nakili data zote za mteja kwanza, kwa sababu ukaguzi mrefu unaweza kuwa ndio msumari wa mwisho kwa diski iliyochoka.

Diski ikionekana nzima, pima RAM kwa kuandika mdsched.exe na kuiacha mashine ijikague. Kwenye kompyuta za mezani, kabla ya kununua RAM mpya, toa vipande vilivyopo, sugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, virudishe na upime tena. Vumbi la barabarani limewahi kunifanya nisakinishe Chrome mara nne kwenye mashine moja, na mara ya tano nikafungua kasha.